Sura ya Nne: Visanduku Ishirini na Sita

Inspekta Vendela Forsgård alikuwa ameisoma fomu namba 4117 mara saba tangu asubuhi, na mara zote saba ilikuwa na jibu lilelile. Visanduku ishirini na sita, na katika kila swali tiki ya wino wa buluu imekaa mahali pamoja: Hakuna mabadiliko.

Ukilinganisha na kabla ya moyo wake kusimama, anakumbuka majina ya watu? Hakuna mabadiliko. Anajua leo ni siku gani? Hakuna mabadiliko. Anajua njia katika mitaa aliyoizoea? Hakuna mabadiliko.

Huyo anayejua njia, Elof Tjärnlund, fundi wa lifti mstaafu wa miaka sitini na tisa, alikutwa Jumatano alfajiri kwenye benchi la kituo cha basi cha Tallbacken, ameketi wima, mikono mifukoni, ameganda. Usiku ule baridi ya Granviken ilikuwa imeshuka hadi nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri. Wiki tatu kabla, mtu fulani alikaa mezani na kalamu akathibitisha kwamba kichwa cha Elof ni kizima kabisa. Hospitali ikaamini, haikumpangia msaidizi wala haikumwita kwa vipimo vingine.

"Unaitazama hivyo, itazaa?" Torkel Brännvall, mwendesha mashtaka, aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa mtu wa haraka, hata viatu vyake vilitangulia mwili.

"Nasubiri iseme."

"Imeshasema. Tazama chini hapo. Uhusiano na mgonjwa?"

"Dada."

"Dada! Elof alizaliwa peke yake. Mke kafa miaka tisa iliyopita, mtoto hana, binamu hana, hata paka hana. Nimepekua daftari la wakazi mwenyewe. Huyo dada kashuka kutoka mbinguni?"

Torkel akavuta kiti akakaa, akaanza kuhesabu kwa vidole kama anayemfundisha mtoto. Kwanza, utafiti ule wa wagonjwa ambao moyo ulisimama ukaamshwa tena ulisimamiwa hapa mjini na muuguzi mmoja tu, Majken Lidfors. Pili, wakubwa wa utafiti huko kusini walikuwa wamemwandikia barua kali: fomu zisipotimia kufikia mwisho wa Oktoba, hospitali ya Granviken itaondolewa. Tatu, wiki hiyohiyo ya mwisho, fomu mbili zilizokuwa zikikosekana zikatokea. Ya Elof, 4117, imesainiwa na dada asiye na jina na asiyekuwepo. Na nyingine, 4122, imesainiwa na kaka asiye na jina. Zote mbili visanduku ishirini na sita, hakuna mabadiliko.

"Kaketi ofisini kwake akatia tiki huku anakula keki," alisema Torkel. "Kughushi nyaraka, na kusababisha kifo kwa uzembe. Yuko mahabusu tangu jana. Saa tisa leo naandika mashtaka, Vendela. Ukiwa na neno, lilete kabla ya hapo."

"Ninalo moja. Majken amesoma fomu hizi miaka sita. Kapokea mamia. Umewahi kumuuliza mke wa mtu kama mumewe amebadilika?"

"Sijaoa."

"Hata mume ambaye hajaugua mafua, mkewe atakupa mambo matano. Majken anajua hilo. Angetaka kughushi, angeweka kasoro mbili tatu ifanane na ya kweli. Hii imejazwa na mtu asiyejua kabisa fomu hizi hujazwaje."

"Au na mvivu."

"Mvivu haandiki hapa," alisema Vendela, akaweka kidole chini kabisa ya ukurasa, kwenye mistari ya maelezo mengine ambayo watu wengi huiacha tupu. Kwa mwandiko ule ule wa buluu, uliolala kidogo upande wa kulia, palikuwa na sentensi moja: Hupenda jibini ndani ya kahawa, vipande vitatu, si vinne.

Torkel alisoma, akapandisha mabega. "Njia ya mwongo ni fupi. Saa tisa," alisema, akatoka.

*

Majken Lidfors alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha mahabusu na sweta lake la kufuma mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hakuwa akilia tena.

"Nieleze huu utafiti kama unavyomweleza mgonjwa," Vendela alimwambia.

"Mgonjwa huwa hasikii. Analetwa amezimia." Majken alivuta pumzi. "Moyo umesimama, mtu kaubonyeza kifuani, mashine imeushtua, umeamka. Basi sisi tunaufuata ubongo. Nusu ya wagonjwa tunawapoza mwili hadi nyuzi thelathini na tatu kwa siku nzima. Nusu tunawaacha na joto la kawaida, tunazuia homa tu. Nani apozwe na nani asipozwe, kompyuta ndiyo inayochagua. Baada ya miezi sita tunauliza nani karudi na akili zake. Kama kupoza kunasaidia, tutapoza wote. Kama hakusaidii, tuache kuwatesa watu kwa barafu."

"Na mnamuuliza nani?"

"Mgonjwa mwenyewe tunampima. Lakini aliyesahau hajui kama amesahau. Kwa hiyo fomu ya pili anajaza mtu anayemjua vyema, wa tangu zamani. Tunaituma nyumbani kwa posta, inarudi kwa posta."

"Elof alilala wodini siku ngapi?"

"Kumi na moja katika chumba cha mahututi. Kisha wiki tatu kule juu."

"Nani alikuja kumtazama?"

Majken aliangalia ukuta. "Mfagiaji alikuwa akimsalimia."

"Kwa hiyo ulijua hana mtu."

"Nilihisi."

"Ulimuuliza?"

"Wewe ungemuuliza?" Sauti ya muuguzi ilipanda kwa mara ya kwanza. "Mtu mzima, ana koti lake safi, kanyoa ndevu kuja kliniki. Umuulize, 'Samahani, Elof, hivi duniani hapa kuna mtu anayekujua?' Nilimpa bahasha. Akaitia mfukoni. Akasema asante. Fomu ilipokuja imeandikwa dada, nilifurahi, Vendela. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu, kumbe Elof ana dada."

Vendela naye asingemuuliza, na alilijua hilo. Watu wa Granviken watakuuliza bei ya nyumba yako na uzito wa samaki uliyemvua, ila kama uko peke yako hawakuulizi, hata wakuone ukila sikukuu na redio. Wanaona ndiyo adabu, na wamefundishana adabu hiyo mpaka imekuwa ukuta.

"Hiyo fomu nyingine," alisema. "Mgonjwa 4122 ni nani?"

"Siwezi kukwambia."

"Orodha ya majina unayo wewe peke yako."

"Ndiyo maana siwezi. Walinipa majina kwa sharti kwamba hayatatoka."

"Majken, utafungwa."

"Basi nitafungwa," alisema muuguzi, akauvuta mkono wa sweta ukafunika vidole vyake. "Lakini yuko hai, na ni mgonjwa wangu."

Vendela aliinuka. Mlangoni akageuka. "Elof alikunywaje kahawa?"

"Kwangu?" Majken alishangaa. "Kwa mrija."

*

Chumba cha maiti kilimpa Vendela karatasi moja yenye mistari mitano, vitu vilivyokutwa kwa marehemu. Funguo mbili. Miwani. Kitambaa. Tiketi ya basi namba tatu, ya Jumanne, saa sita na dakika arobaini mchana. Na kifurushi cha jibini, gramu mia tatu, hakijafunguliwa.

Aliisoma akiwa amesimama. Polisi wa zamu, hospitali, Torkel, wote walikuwa wamesema kitu kimoja: Elof alipotea akirudi nyumbani. Naye Vendela alikuwa amelikubali bila kulipima, jambo lililomuudhi sasa. Mtu hatoki kwa mwenyeji wake wa kahawa na jibini alilomletea likiwa bado mfukoni. Elof hakuwa akirudi, alikuwa akienda, na hakufika. Kuna mlango mmoja karibu na Tallbacken ambao Jumanne ile haukubishwa.

Saa ilikuwa sita na nusu. Jua lilikuwa limechungulia juu ya msitu na lilikuwa karibu kuaga. Aliendesha gari polepole kwenye theluji mpaka kituoni, akashuka, akaketi kwenye lile benchi.

Mbele yake palikuwa na majengo sita ya ghorofa tatu, yote ya manjano, yote ya mwaka mmoja, milango yote ya kahawia. Hakuna aliyekuwa amefikiria kuyapaka hata rangi tofauti. Alijaribu kufumba macho, akazunguka mara moja, akayafumbua. Hata yeye mwenye akili zake alihitaji kusoma namba, na namba zilikuwa zimefunikwa na theluji.

Alianza jengo la kwanza, akashuka moja kwa moja chumba cha kufulia cha chini, kwa sababu katika majengo yale huko ndiko watu hukutana, kama kukutana ndiko. La kwanza halikuwa na mtu, la pili vilevile. Katika la tatu alimkuta mzee mrefu akikunja shuka, pembe kwa pembe. Alijitaja, Sivert Åhlin, akaendelea kukunja.

"Zamu yangu inaisha saa saba," alionya. "Ubao uko pale, mama polisi. Ukitaka kufua, andika."

"Sifui. Jumanne mchana ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Nafua Jumanne na Ijumaa."

Dirisha la chumba kile lilikuwa juu, usawa wa ardhi. Mtu aliyesimama kwenye meza ya kukunjia aliona miguu ya wapitao mpaka kiunoni.

"Uliona nani akipita?"

Mzee alinyoosha shuka. "Viatu vya kahawia. Koti refu la kijivu."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu." Akakunja. "Labda nne."

"Akienda wapi?"

"Huko, halafu huku. Halafu huko tena."

"Ulitoka kumuuliza kama amepotea?"

"Hakuonekana kutaka kuulizwa."

"Ulimwona miguu tu, Sivert."

Mashine nyuma ya mzee ilikuwa ikizunguka na soksi zake. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "Ndiye yule wa kwenye benchi?"

"Ndiye."

"Nilidhani anafanya mazoezi," alisema Sivert Åhlin. Aliliweka lile shuka juu ya mengine, akalichukua tena, akalikunjua lote. "Watu siku hizi wanafanya mazoezi."

Vendela hakuwa na moyo wa kumsuta, maana mzee alikuwa akijisuta vya kutosha. "Ulikuwa umewahi kumwona kabla?"

"Kila Jumanne. Huja jengo la tano, kwa yule mama aliyekuwa akifundisha piano."

"Anaitwa nani?"

"Sijui."

"Umeishi hapa muda gani?"

"Miaka kumi na minne. Mashine zao zilipoharibika walikuja kufulia kwetu mwaka mzima, tukawa tunapokezana zamu, yeye na mimi." Alionyesha ubao wa zamu ukutani kana kwamba unamtetea. "Yeye ni namba kumi na mbili."

*

Mlango namba kumi na mbili ulikuwa na jina, Norrby, kwenye tundu la barua. Mwanamke aliyefungua alikuwa na miaka sabini hivi, mwembamba, nywele nyeupe zimebanwa vizuri, na shingoni amening'iniza daftari kwa uzi mwekundu.

"Vendela Forsgård, polisi."

"Subiri," alisema mwanamke, akashika kalamu. "Ven-de-la. Polisi. Leo ni Ijumaa, siyo? Vizuri. Ingia, mwanangu, vua viatu, sakafu imepigwa deki. Mimi ni Alfhild."

Nyumba nzima ilikuwa imeandikwa. Kwenye kabati: VIKOMBE. Kwenye mlango: FUNGUO? KOTI? Juu ya jiko la umeme, kwa herufi kubwa: ZIMA. Nje ya dirisha la jikoni, kwenye theluji ya roshani, zilikuwa sufuria tatu zilizoungua chini mpaka nyeusi. Ya juu ilikuwa haijafunikwa na theluji hata kidogo.

Mwandiko wa vibandiko vyote ulikuwa wa buluu, umelala kidogo upande wa kulia. Vendela alikuwa amempata dada wa Elof. Alijikuta hana furaha yoyote ya kumpata.

Alfhild alimimina kahawa. Vendela alipokea kikombe chake.

"Mama, unamjua Elof Tjärnlund?"

"Elof!" Uso wote ukafunguka. "Kaka yangu."

"Ndugu wa tumbo moja?"

"Wa shule moja," alisema Alfhild, akacheka. "Ile shule ya hospitali, ya watu tuliokufa tukarudi. Wanakufundisha kupanda ngazi na kula mboga. Wenzetu wote walikuja na wake zao, na binti zao, kila mmoja ana mtu wa kumshikia koti. Sisi wawili makoti tulijishikia. Basi Elof akasema, wewe nishikie langu, nami nikushikie lako. Ndivyo tulivyojuana."

"Uliijaza fomu yake ya hospitali?"

"Sikumbuki, mwanangu." Alisema bila aibu, kama mtu anayesema hana sukari. "Mimi ya miaka ya nyuma ninayo yote. Nitakupigia kila wimbo niliofundisha. Ila ya jana hayakai. Lakini kama nimefanya, yamo humu." Akavua daftari shingoni, akampa.

Vendela alifungua kwa uangalifu. Kila siku na ukurasa wake. Alirudi nyuma wiki tatu, mpaka Jumanne moja ya mwisho wa Oktoba, akasoma:

Elof amekuja. Tumejaza zile fomu za posta, mimi yake, yeye yangu. Inataka "mtu anayekujua vyema". Tumekaa tumewaza sana. Elof amesema, basi ni sisi. Tumeandika dada na kaka. Tusimwambie Majken, atahuzunika akijua hatuna watu.

Alisoma mara mbili. Hapo alikuwa na kila kitu: siku, mwandiko, sababu, na sentensi moja iliyomtoa Majken mahabusu. Mgonjwa 4122 alikuwa amekaa mbele yake akikoroga kahawa. Alitoa simu, akaomba ruhusa, akapiga picha ukurasa ule. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

Lakini alikuwa na swali moja bado, na lilikuwa lake mwenyewe, si la Torkel. Alitoa nakala ya fomu 4117, akaiweka mezani.

"Hapa umeandika hakuna mabadiliko, kila mahali. Hata kwenye njia. Mama, Elof alikuwa akipotea."

"Alikuwa akipotea sana," Alfhild alikubali. "Siku moja alipotelea ngazini hapo. Nilicheka!"

"Mbona basi hukusema?"

Alfhild alivaa miwani, akasoma swali kwa sauti, polepole, kidole kikifuata maneno. Ukilinganisha na kabla ya moyo wake kusimama. Akavua miwani.

"Sasa mimi ya kabla nimeyajulia wapi? Elof wa kabla simjui. Huyu niliyekutana naye alikuwa akipotea siku ya kwanza na anapotea leo. Hajabadilika hata chembe. Ulitaka niandike uongo?"

Miaka kumi na tisa ya kuhoji watu, na Vendela hakuwahi kupewa jibu la kweli kuliko hilo. Hapakuwa na mghushi wala mzembe. Fomu iliuliza juu ya zamani, na watu hawa wawili hawakuwa na mtu hata mmoja duniani aliyeikumbuka zamani yao.

Aligeuza kurasa mbele. Jumanne ya wiki hii: Nimeweka vikombe. Elof hajaja. Kahawa imepoa. Labda nimekosea siku. Jumatano: Nimempigia Elof. Hapokei. Labda nimekosea namba. Alhamisi: Labda nimemuudhi.

"Mbona unaniuliza habari zake?" Alfhild alikuwa amemtazama muda. "Kafanya nini?"

Sheria haikumtaka Vendela aseme. Picha anayo, saa inakwenda, na habari za msiba hupelekwa kwa jamaa wa marehemu, naye marehemu kwenye daftari la wakazi hakuwa na jamaa. Angeweza kushukuru kwa kahawa na kuondoka. Alivuta kiti karibu, akamshika yule mama mkono, akamwambia. Alimwambia yote, hata jibini.

Alfhild alilia kama wanavyolia watu wasiozoea kulia mbele ya wengine, akiwa amegeukia dirishani. Huzuni yake ilikuwa nzima, haikupungua kwa kuwa atasahau. Vendela alikaa. Hakuna alichojua kufanya zaidi ya kukaa.

"Alikuwa anakuja kwangu?" aliuliza baadaye.

"Alikuwa anakuja kwako."

"Basi sikukosea siku."

"Hukukosea, mama. Wala hukumuudhi."

Alfhild alijifuta uso, akalivuta daftari. "Sharti niandike. Nisipoandika, kesho nitampigia tena." Akafungua ukurasa wa Ijumaa, ambapo palikuwa pameandikwa tu, Vendela, polisi. Kalamu ikasimama juu ya karatasi. "Kila asubuhi nasoma kurasa zangu za juzi na jana, ndipo nijue nilipo," alisema. "Nikiandika hapa, kesho nitasoma. Itakuwa habari mpya, siyo? Nitalia hivi hivi. Na keshokutwa nisome tena."

"Ndiyo," alisema Vendela, kwa kuwa hakutaka kumdanganya.

Yule mama alifikiri. Kisha chini ya jina la polisi akaandika, Amekunywa kahawa. Ni mtu mzuri. Akapindua ukurasa wa Jumamosi, akapindua wa Jumapili, akapindua wa Jumatatu. Kwenye Jumanne akainama, akaandika habari ya Elof kwa mistari miwili, akafunga daftari na kulifunika kwa viganja vyote viwili.

"Nipe mpaka Jumanne," alisema.

"Nitakuja Jumanne asubuhi, mama. Kabla hujafungua huo ukurasa."

"Liandike hilo wewe. Nikisoma mwandiko wa mgeni nitaamini kuna mtu anakuja."

Vendela aliandika. Kabla ya kutoka aliizima swichi kuu ya jiko, akaipigia simu ofisi ya huduma za wazee ya manispaa, akasema mtu aje leo, si kesho, na hakukata simu mpaka alipopewa jina la huyo mtu. Alfhild alimsindikiza mlangoni, akamshikia koti mpaka akaingiza mikono yote miwili.

*

Alimpigia Torkel akiwa ndani ya gari, kioo kimejaa ukungu wa pumzi zake. Ilikuwa saa tisa kasoro robo na nje kulikuwa giza tayari.

"Mwachie Majken," alisema. "Walijaziana. Wagonjwa wawili, kila mmoja fomu ya mwenzake. Hakujua. Ninayo picha ya ukurasa, tarehe na mwandiko."

Torkel hakubisha. Alikuwa mtu wa haraka, lakini hakuwa mtu mbaya. "Daftari lenyewe liko wapi? Picha haitoshi."

"Liko shingoni mwake. Ni kumbukumbu zake hizo, Torkel. Siwezi kumvua."

"Na hizo fomu?"

"Zifutwe zote mbili. Huko kusini waandike kwamba hakupatikana mtu."

Alisikia kalamu ya Torkel ikikwaruza karatasi. "Sawa. Majken nitamtoa sasa hivi. Ila namtaka huyo mama hapa kesho asubuhi, aeleze kwa kinywa chake, asaini."

"Jumanne mchana."

"Jumanne? Kuna jambo gani Jumanne? Siku nne nzima, Vendela. Nimwambie nini hakimu?"

Vendela alipangusa kioo kwa kiganja. Kule jengo la tano, ghorofa ya kwanza, taa ya jikoni ilikuwa inawaka, na mtu alikuwa akipanga vikombe kabatini.

"Mwambie mpaka Jumanne bado ana kaka," alisema.